Kwadi iliyopata homa kila bamvua: uchambuzi wa kisa kimoja

Kwadi ninayoizungumzia hapa ni pikipiki ya magurudumu manne ya mtumba, yenye injini ya silinda moja ya cc 500 hivi, inayopozwa kwa maji, yenye kabureta na giaboksi ya mkanda. Kabla ya kufika kwa mwenyewe wa sasa ilikuwa ikizungusha watalii katika njia za mawe na mchanga za kusini mwa Unguja. Mwenyewe ni mama wa makamo anayenunua mwani Jambiani, naye aliichukua ili imvutie tela la magunia kutoka ufukweni hadi uwanja wa kukaushia. Chapa yake siitaji, kwa sababu haina hatia katika mambo yaliyoipata. Karibu kila kilichoharibika kiliharibiwa na chumvi, na kilichobaki kiliharibiwa na matengenezo.

Ililetwa karakanani juu ya gari la mizigo, mwenyewe akiwa amekaa mbele na mpwa wake, ambaye ndiye dereva, akiwa nyuma ameishikilia. Baada ya shikamoo na marahaba nilimuuliza inaumwa nini, naye akajibu kwa sentensi ambayo baadaye nilitambua kuwa ilikuwa na nusu ya jibu ndani yake: "Mwanangu, hii ina homa ya bamvua. Ikifika bamvua inachemka na kuzimika, ikifika maji mafu nzima kabisa, utadhani haijapata kuumwa."

Kwa msomaji wa bara nieleze kidogo. Bamvua ni siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani ya mashariki ya Unguja tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3, na bahari hurudi mbali hadi mashamba ya mwani yakabaki nje. Ndizo siku za kazi: kamba hufunguliwa kwenye vigingi, mwani hutiwa magunia ungali unachuruzika, na kwadi huvuta tela juu ya mchanga mbichi kwa mwendo wa mtu anayetembea, safari baada ya safari, saa tatu au nne bila kuzimwa, kabla maji hayajarudi. Siku za maji mafu bahari haipwi vya kutosha, kwa hiyo kwadi hiyohiyo hutumika kwenda dukani na kurudi kwa barabara ya lami, ikiwa nyepesi na yenye upepo wa kutosha usoni.

Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa na ratiba, na ratiba hiyo ilikuwa ikisema kwamba joto hupanda pale tu mambo matatu yanapokutana: mzigo mzito, mwendo mdogo na muda mrefu. Injini ambayo gasketi ya hedi imeungua, au pampu yake ya maji imekatika, haichagui siku. Ingechemka barabarani pia. Injini inayochemka kwenye mwendo mdogo na kupona kwenye mwendo mkubwa kwa kawaida inakosa upepo, na upepo wa mwendo mdogo hauna chanzo kingine isipokuwa feni. Nakiri kwamba siku ile ya kwanza sikuifuata hoja hii hadi mwisho wake. Niliisikia, nikacheka kidogo, kisha nikaanza kufungua vitu.

Historia ya matengenezo ilikuwa ndefu kuliko umri wa umiliki. Fundi wa kwanza aliona taa nyekundu ya joto inawaka, akatoa thamostati, vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate joto lake, na kuitupa, akisema nchi yetu ni ya joto na haihitaji kifaa hicho. Fundi wa pili aliona feni haizunguki, akahukumu kwamba swichi ya joto iliyo kwenye rejeta imekufa. Akakata waya zake, akavuta waya mpya kutoka kwenye betri hadi kwenye swichi ya kuwashia taa ya nyumbani aliyoifunga kwenye usukani, na kutoka hapo hadi kwenye feni, ili dereva aiwashe mwenyewe kwa kidole. Wakati huohuo stata ilianza kugoma asubuhi, ikitoa mlio wa tak-tak-tak bila kuzungusha injini, na betri mpya ikanunuliwa. Miezi michache baadaye ikanunuliwa nyingine. Fundi wa tatu alisema koili ya kuchajia imeungua na akataka fedha za kuagizia nyingine. Hapo ndipo mama alipoona bora abadilishe karakana.

Nilianza na upande wa maji, kwa kuwa injini ilikuwa imepoa na ndiyo hali pekee inayoruhusu kufungua mfuniko wa rejeta bila kuungua uso. Kilichomo ndani hakikuwa kulanti, yaani dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji. Yalikuwa maji ya rangi ya chai ya rangi, na dereva alikubali kwamba amekuwa akiongezea maji ya kisima kila taa inapowaka. Visima vya upande ule vimechimbwa ndani ya jiwe la matumbawe na maji yake ni magumu. Kila mwenye birika pale anajua gamba jeupe linalobaki chini. Gamba hilohilo lilikuwa limeanza kujipaka kwenye midomo ya mirija ya rejeta, na gamba la namna hiyo hupitisha joto kwa shida kuliko aluminiamu yenyewe. Mpira wa ndani wa mfuniko ulikuwa umekauka na kupasuka. Hili watu hulipuuza kwa sababu mfuniko huonekana ni kitu cha kuziba tu, kumbe kazi yake kubwa ni kushikilia shinikizo. Maji matupu yasiyo na shinikizo huchemka kwenye digrii 100. Yakiwa chini ya mfuniko mzima wa bari 1.1 huvumilia hadi karibu digrii 121, na yakichanganywa nusu kwa nusu na kulanti hukaribia 130. Kwadi hii ilikuwa imepoteza vyote viwili, shinikizo na kulanti, kwa hiyo ilikuwa inachemka kwenye joto ambalo injini nzima huliona kila siku bila kulalamika.

Nyuma ya ngao ya mbele, vibati vyembamba vilivyokunjwa katikati ya mirija ya rejeta vilikuwa vimejaa udongo uliochanganyika na mwani mkavu, na kwenye kona ya chini, kwa eneo la kiganja kizima, mwanga wa tochi haukupenya kabisa. Niliosha kwa maji ya mpira yasiyo na nguvu, kutokea upande wa injini kuelekea mbele, ili uchafu utoke kwa njia uliyoingilia. Mashine ya kuoshea magari isisogezwe hapo, kwani hulaza vibati vile kama nyasi zilizopitiwa na gari, na rejeta iliyolazwa vibati haina tofauti na iliyoziba.

Hapo ndipo nilipopoteza nusu siku. Nilijaza maji safi ya majaribio, nikawasha injini mfuniko ukiwa wazi, nikaona mapovu yanapanda. Mapovu ndani ya rejeta humfanya kila fundi afikirie gasketi ya hedi, kwamba moshi wa mlipuko unavuja kuingia kwenye njia ya maji, na mimi nilishaanza kuandaa spana za kufungulia hedi. Kilichonizuia ni oili, ambayo ilikuwa nyeusi ya kawaida bila weupe wa maziwa, pamoja na ekzosi ambayo haikutoa mvuke. Kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, sikukitegemea, kwa sababu injini nyingi za aina hii zina kifaa kinachoachia kidogo vali ya moshi wakati wa kuwasha, na hivyo geji husoma chini hata injini ikiwa nzima. Nilichofanya ni kuinua gurudumu za mbele juu ya tofali ili mdomo wa rejeta uwe mahali pa juu kuliko vyote, nikalegeza skrubu ya kutolea hewa, nikaacha injini ingurume taratibu. Baada ya dakika kumi hivi mapovu yakapungua, kisha yakaisha, na hata nilipopandisha resi hayakurudi. Hewa iliyonaswa huisha ikipewa njia, ilhali moshi wa mlipuko hauishi, na resi ikipanda nao huongezeka. Spana nikazirudisha kwenye boksi.

Chini ya pampu ya maji kuna tundu dogo ambalo kazi yake ni kutangaza kifo cha sili: likidondosha kulanti, sili imeanza kuachia. Lilikuwa kavu, ingawa pembeni yake palikuwa na alama hafifu ya weupe. Niliandika alama hiyo kwenye daftari na kuendelea.

Nikafika kwenye feni, mahali ambapo bamvua ilikuwa imenielekeza tangu asubuhi. Nilibonyeza ile swichi ya nyumbani na feni ikazunguka, kwa uvivu lakini ikazunguka. Feni ya kwadi hii imefungwa nyuma ya rejeta na inatakiwa kuvuta hewa kutoka mbele kuipeleka upande wa injini. Nikachukua kipande cha gazeti nikakiweka mbele ya rejeta, nikitarajia kinase kwenye vibati kama nzi kwenye asali. Kikasukumwa, kikaangukia gotini pangu. Nikakirudisha, kikasukumwa tena. Feni ilikuwa inazunguka kinyume.

Mota ya feni ya umeme wa betri haijui mbele wala nyuma. Hufuata tu waya upi ni chanya na upi ni hasi, na ukizibadilisha hubadilisha upande wa kuzunguka. Fundi wa pili alipokata soketi ya asili na kuunga waya mbili za rangi moja alikuwa na nafasi mbili za kuunga, akachagua moja, akaona mapanga yanazunguka, akatosheka. Matokeo yake ni kwamba feni ilikuwa inachukua hewa iliyokwishapashwa na injini na kuirudisha kwenye rejeta, na kila kwadi ilipotembea ilishindana na upepo wa mbele. Zaidi ya hayo, mapanga yamepindwa kwa ajili ya upande mmoja, kwa hiyo yakizungushwa kinyume hata hewa hiyo mbovu huisukuma kwa unyonge. Kwenye lami dereva alikuwa hawashi feni, na hiyo ndiyo sababu kubwa iliyoifanya kwadi ionekane nzima siku za maji mafu: ilikuwa nzima kwa sababu tiba yake ilikuwa imezimwa.

Lakini upande wa kuzunguka haukueleza uvivu. Hapa ndipo habari ya joto ilipogeuka kuwa habari ya umeme. Niliiwasha feni injini ikiwa imezimwa, nikapima betri, ikasoma volti 12.2, nikapima kwenye waya za feni yenyewe, zikasoma 9.3. Volti 2.9 zilikuwa zimepotelea njiani. Ili kujua zimepotelea wapi, niliacha feni izunguke nikaweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya wa chanya wa feni, ikasoma 1.1, kisha kutoka hasi ya betri hadi waya wa hasi wa feni, ikasoma 1.8. Upande wenye afya haupotezi zaidi ya volti 0.2 au 0.3. Ile 1.1 ya chanya ilikuwa ya waya mwembamba wa spika uliotumika kuunganishia, pamoja na swichi ya ukutani ambayo haikutengenezwa kubeba ampea 5 na zaidi za umeme wa betri. Ile 1.8 ya hasi ilikuwa kubwa zaidi, na iliniongoza chini ya kiti, mahali ambapo waya wa hasi hufungwa kwenye chesisi, ambao mafundi tunauita arthi.

Boliti ilionekana nzuri. Ilikuwa imekaza na hata nilipoivuta haikutikisika. Nilipoifungua, kati ya kichwa cha waya na chuma cha chesisi palikuwa na unga wa kijani mkavu, mwingi wa kutosha kubaki kwenye kucha, na ndani ya ganda la mpira nyuzi nyingi za shaba zilikuwa zimekatika; nilizoweza kuzihesabu zikiwa nzima hazikuzidi saba. Fundi aliyetangulia alikuwa ameipima arthi hii kwa kitaa kidogo cha majaribio na kitaa kikawaka, naye akaipitisha. Kitaa kile hutumia umeme mdogo sana, nao hupita hata kwenye uzi mmoja. Ndiyo maana mimi siamini kipimo cha waya ambao haujabebeshwa kazi: hata mita ikiwekwa kwenye omu, kipimo cha ukinzani, inaweza kusema waya uko salama, lakini ukiwasha feni au ukibonyeza stata, ukweli hutoka. Stata huvuta umeme mara nyingi zaidi ya feni kupitia njia hiyohiyo ya hasi, na ndiyo iliyokuwa ikipiga tak-tak-tak kila asubuhi huku betri mbili mpya zikibebeshwa lawama.

Betri hata hivyo nazo zilikuwa na njaa ya kweli. Niliposafisha arthi kwa muda na kuwasha injini, betri ilisoma 12.1 kwenye mngurumo wa taratibu feni ikiwa imewashwa, na ilikuwa inashuka. Nilipopandisha resi hadi mizunguko kama 4,000 kwa dakika, ikafika 12.9 tu. Kwadi yenye afya hapo husoma kati ya 13.8 na 14.5. Fundi wa tatu alipoona namba kama hizi alihukumu koili ya kuchajia, na hukumu yake haikuwa ya kipuuzi, kwa sababu koili iliyo ndani ya injini hukaa kwenye oili ya moto na injini inayochemka mara kwa mara huweza kweli kuichoma. Kasoro yake ni kwamba hakuichomoa soketi.

Kutoka kwenye injini hutoka waya tatu za njano zinazobeba umeme geu kwenda kwenye rektifaya, ambayo huubadilisha kuwa umeme wa betri na kuuzuia usizidi kiwango. Nikaichomoa soketi yake, na kabla ya kupima chochote jibu lilikuwa mbele ya macho: plastiki nyeupe imekuwa kahawia upande mmoja na imeyeyuka, na pini mojawapo imekuwa nyeusi kama njiti ya kiberiti iliyokwishawashwa. Nilipima hata hivyo, upande wa injini, waya mbili mbili kwa zamu: volti 54, 55 na 54. Usawa huo ndio unaotafutwa, kuliko hata namba zenyewe. Kati ya waya na waya ukinzani ulikuwa nusu omu hivi kwa jozi zote tatu, na hakuna waya uliogusana na bodi ya injini. Koili ilikuwa hai. Kilichokufa ni pini moja, na pini moja ikifa, jozi moja tu kati ya tatu ndiyo inayobaki kulisha rektifaya, kwa hiyo umeme unaopatikana hushuka hadi chini ya nusu. Rektifaya yenyewe ilikuwa imevikwa koti la mwani mkavu katikati ya mapezi yake, ikajipoza kwa shida, lakini ilikuwa bado inafanya kazi.

Sasa vipande vinaweza kuwekwa pamoja. Feni peke yake hutaka wati 60 na kitu, taa mbili za mbele wati 70, na mfumo wa kuwasha plagi nao una haki yake. Kwenye mwendo wa tela la mwani, resi ikiwa chini, koili nzima ingetosha kwa shida. Ikiwa imekatwa jozi mbili, feni ilikuwa inakula akiba ya betri tangu dakika ya kwanza. Betri ilivyoshuka, feni ilipungua kasi. Feni ilivyopungua, joto lilipanda. Joto lilivyopanda, dereva aliiacha feni ikizunguka hata baada ya kuzima injini, akidhani anaipoza, na kwa kufanya hivyo aliimalizia betri kile kidogo kilichobaki cha kuzungushia stata asubuhi. Na feni ilikuwa inazunguka kinyume muda wote huo. Kwa hiyo mama aliposema kwadi yake inachemka, kisha siku nyingine akasema haiwaki, alikuwa anaeleza ugonjwa mmoja kwa majina mawili, na mafundi watatu walimpa dawa mbili tofauti.

Katika kutengeneza nilifuata umeme kwanza. Waya wa arthi niliutoa wote na kuweka mpya mnene, chuma cha chesisi nikakipiga msasa hadi kikang'aa, nikakaza boliti na kupaka grisi juu yake baada ya kukaza. Soketi iliyoungua niliikata, nikaziunga waya tatu za njano moja kwa moja kwa kubana na kulehemu, kila moja ndani ya mpira wake wa kusinyaa kwa joto. Wapo wanaopinga kuondoa soketi kwa sababu siku ya kubadilisha rektifaya italazimu kukata, lakini kwenye chombo kinachofanya kazi ufukweni naona soketi hiyo ni mlango wa chumvi. Swichi ya nyumbani niliitoa. Feni niliipa waya wa milimita za mraba 2.5, fyuzi ya ampea 15 karibu na betri na rilei, ili swichi ya joto ibebe umeme mdogo tu wa kuamuru rilei, huku rilei ikibeba mzigo. Chanya na hasi za feni nikazirudisha mahali pake, na kipande cha gazeti kikanasa.

Upande wa maji niliusuuza kwa maji safi mara nne hadi yakatoka meupe, nikaweka mfuniko mpya na thamostati mpya. Dereva alishangaa kwa nini narudisha kitu ambacho fundi mwenzangu alikitoa. Nikamwonyesha plagi yake, iliyokuwa nyeusi kwa masizi: kwenye lami, bila thamostati, injini haikuwa inafikia joto la kuunguza mafuta sawasawa. Kisha nikajaza kulanti nusu na maji ya betri yasiyo na asidi nusu, mbele ya kwadi ikiwa bado juu ya tofali, na kutoa hewa upya.

Kosa langu la pili lilikuja hapa. Kwa mazoea, na kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba swichi ya joto imekufa, niliibadilisha kwa mpya bila kuipima. Injini ikapata moto, mpira wa juu wa rejeta ukawa haushikiki, taa nyekundu ikakaribia kuwaka, na feni imelala. Nilizima. Nikachukua sufuria ya maji na jiko, nikaning'iniza swichi zote mbili, ya zamani na mpya, zikiwa zimefungwa mita, pamoja na kipimajoto. Ile ya zamani, iliyohukumiwa kifo na kubaki kwenye rejeta kama kizibo tu, ilifunga saketi kwenye digrii 94 na kuifungua maji yalipopoa hadi 88. Ile mpya haikufunga hata maji yalipobubujika, maana yake ilitengenezwa kwa injini inayotaka feni iwake juu ya digrii 100. Nilirudisha ya zamani, ambayo haijapata kuugua hata siku moja; siku feni ilipogoma mara ya kwanza, iliyogoma ilikuwa arthi.

Baada ya hapo niliiacha kwadi ingurume nusu saa mahali ilipo, kivulini lakini bila upepo. Feni iliwaka yenyewe, ikazunguka karibu dakika mbili, ikazima, ikapumzika, ikawaka tena, na mwendo huo ukaendelea bila taa nyekundu kuonekana. Betri ilisoma 14.2 kwenye resi, na kwenye mngurumo wa taratibu feni ikiwa inazunguka ilibaki 12.9 bila kushuka. Nilipobonyeza stata ilishuka hadi 10.8 na kupanda mara moja.

Majaribio ya karakana hata hivyo si bamvua. Mwezi ulipoandama nilikwenda Jambiani kuiona ikifanya kazi. Safari mbili za kwanza zilikuwa salama, na ya tatu taa nyekundu ikawaka. Nilimkuta dereva amejaza tela magunia yaliyolowa kupita kawaida, na gia ameiweka H, ile ya mwendo kasi, kwa sababu ndivyo alivyozoea. Kwenye gia hiyo, kwa mwendo wa kutembea, mkanda huteleza na kujichoma, injini huvuta kwa nguvu resi ikiwa chini, na pampu ya maji, ambayo huzungushwa na injini yenyewe, huzunguka polepole pale inapohitajika zaidi. Aliweka L, akapunguza gunia mbili, na safari zilizobaki hadi maji yalipoanza kujaa taa haikuwaka tena. Mama alikuwa amesimama kwenye maji ya kifundo akihesabu magunia, akasema kwa sauti ya kunisikilizisha kwamba hilo la gia angeniambia yeye mwenyewe kama ningemuuliza.

Kuosha tuliafikiana kuwe kila jioni ya kazi, kwa ndoo ya maji baridi ya bomba injini ikiwa imepoa, kuanzia chini ya kiti na nyuma ya rejeta, na kulanti iongezwe kwa mchanganyiko niliomwachia kwenye dumu. Bamvua mbili zimepita tangu hapo na betri ni ileile ya pili, ikisoma 12.6 asubuhi kabla ya kuwashwa. Wiki iliyopita dereva alinitumia picha ya chini ya pampu ya maji: ile alama ya weupe niliyoiandika kwenye daftari imekuwa tone la kijani, moja kila asubuhi. Sili imeagizwa, na tutaibadilisha siku za maji mafu.